Mzinga na Kichuguu: Kuusimulia Mwanzo wa Sayari-Jiji kwa Kuanzia Uwanda wa Makonde

Ikisiri

Makala haya yanajadili namna ya kubuni mwanzo wa sayari-jiji, yaani sayari iliyofunikwa na viwanda na makazi yaliyosongamana, katika michezo ya uhusika ya bunilizi ya kisayansi. Mjadala unaanzia Newala na Masasi, kusini-mashariki mwa Tanzania, ambako masimulizi ya mwanzo yamelazimika kueleza kwa nini watu wengi walikaa pamoja mahali palipo mbali na maji. Kisasili cha Mahuta kinalinganishwa na tarihi ya kuanzishwa kwa Masasi mwaka 1876 na historia ya manamba wa mashamba ya mkonge. Makala yanabainisha aina mbili za mwanzo wa msongamano, ambazo yanaziita kichuguu na mzinga. Hoja kuu ni kwamba simulizi ya mwanzo isiyomtaja aliyeamua wala gharama iliyolipwa huugeuza msongamano kuwa tabia ya kuzaliwa ya watu wanaouishi.

1.0 Utangulizi

Mchezo wa uhusika ni utanzu mchanga. Washiriki wachache huketi pamoja. Mmoja wao huwa msimamizi anayesimulia ulimwengu wa mchezo, wengine hubeba kila mmoja mhusika wake, na dadu huamua yale ambayo mazungumzo hayawezi kuyaamua. Tangu Dungeons & Dragons ilipochapishwa Marekani mwaka 1974, michezo ya namna hii imeenea na kugawanyika katika mikondo mingi, ukiwamo mkondo wa bunilizi ya kisayansi. Mtafiti wa fasihi simulizi hatakosa kuitambua sura yake: kuna fanani, kuna hadhira inayoshiriki kulijenga tukio, na kuna utendaji usiorudiwa vilevile mara mbili. Kwa hiyo si ajabu kwamba mojawapo ya kazi kubwa za msimamizi ni ileile ya wazee wetu wa masimulizi, yaani kueleza ulimwengu huu ulianzaje na watu hawa walitoka wapi.

Miongoni mwa mandhari zinazopendwa katika mkondo huo ni sayari-jiji. Kielelezo chake cha kifasihi ni Trantor, makao makuu ya dola katika Foundation ya Isaac Asimov (1951). Hiyo ni sayari ambayo nchi kavu yake yote imekuwa jiji moja la watu zaidi ya bilioni 40, wanaolishwa kwa mazao ya sayari ishirini za wakulima. Katika michezo ya uhusika, mfano unaojulikana sana ni Dark Heresy (2008). Humo mchezaji huanza kwa kuchagua aina ya ulimwengu alikozaliwa mhusika wake, na mojawapo ya aina hizo ni sayari ya viwanda na minara iliyopewa jina la mzinga wa nyuki. Mhusika aliyezaliwa huko hupewa sifa maalumu: umati haumzuii kupita kwa sababu ameuzoea, na akitolewa nje ya jiji hutaabika. Sifa mojawapo imeitwa kwa jina la riwaya ya Asimov ya mwaka 1954, The Caves of Steel, inayosawiri watu wa Dunia waliojifungia mijini hata wakawa wanaliogopa anga lililo wazi.

Vitabu vya michezo hiyo havikosi historia. Vina dola, vita, viwanda na karne nyingi za matukio. Hata hivyo, mchezaji anapomuunda mhusika wake, historia yote hiyo hufupishwa kuwa sifa ya mwili na nafsi: mtu huyu amezoea kubanana. Makala haya yanauliza kinachopotea katika ufupisho huo, na yanatafuta jibu mahali ambapo swali hilo limeulizwa kwa muda mrefu na watu wenye haja ya kweli ya kulijibu. Mahali hapo ni Uwanda wa Makonde.

2.0 Istilahi: mzinga na kichuguu

Tuanze na neno. Anayeitafsiri michezo hii kwa Kiswahili atakutana na picha ya mzinga na huenda akaipitisha bila kuitafakari. Lakini mzinga katika Kiswahili ni chombo. Ni gogo lililochongwa ndani, likazibwa ncha zake, likatundikwa mtini na mtu anayetarajia kurudi. Nyuki huingia na kujaza masega. Mrina asali huja na moshi wake na kuvuna. Mtu akisema kwamba sayari fulani ni mzinga, Kiswahili chenyewe kinamdai ajibu maswali mawili: nani aliyeutundika, na nani anayerina?

Upande wa pili kuna kichuguu. Hakuna aliyekijenga ila mchwa wenyewe. Kimeinuliwa chembe kwa chembe na wanaokaa ndani yake, kwa sababu zao, na urefu wake ni kipimo cha kazi yao. Kichuguu pia kina msongamano, giza na taabu, lakini hakina mrinaji aliyekikusudia.

Tunapendekeza kwamba msongamano wowote wa binadamu, wa kihistoria au wa kubuni, uanze kuchunguzwa kwa kuuliza kama mwanzo wake ni wa mzinga au wa kichuguu. Jambo hilo linahusiana na tanzu za masimulizi. Katika uainishaji wa Mulokozi (1989), masimulizi yana vijitanzu kadhaa, vikiwamo visasili, vinavyoeleza asili ya watu na mambo kwa njia inayovuka mipaka ya kawaida, na tarihi, zinazoeleza matukio ya kihistoria kwa kufuata wakati. Newala inatupatia kisasili, ilhali Masasi inatupatia tarihi. Miji hii miwili imekaribiana, lakini imejieleza kwa tanzu tofauti, na tofauti hiyo ina sababu.

3.0 Kisasili cha Mahuta

Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa ethnografia kutoka Leipzig, alifika katika nyika ya Lindi. Alikuwa amekusudia kwenda kaskazini, lakini maasi yalibadili safari yake, akatembelea Masasi na baadaye akakaa Newala, akiwa na kamera na fonografu. Kitabu chake kilitoka mwaka 1908 kwa Kijerumani, na mwaka uliofuata kikatafsiriwa kwa Kiingereza na Alice Werner, ambaye baadaye alikuja kuwa mwalimu mashuhuri wa Kiswahili jijini London. Humo mmehifadhiwa kisasili cha asili ya Wamakonde ambacho tunakisimulia hapa kwa muhtasari.

Hapo kale, Mahuta ilikuwa pori tupu. Akatoka porini mtu mmoja asiyeoga wala kunyoa, mwenye kula na kunywa kidogo. Akachonga sanamu ya mtu kwa mti, akaipeleka makaoni kwake na kuisimamisha wima. Usiku sanamu ikapata uhai, ikawa mwanamke. Wawili hao wakateremka hadi mto Ruvuma kuoga, na huko mwanamke akajifungua mtoto mfu. Wakavuka nyanda za juu hadi bonde la Mbwemkuru. Mtoto wa pili naye akazaliwa mfu. Wakarudi juu, Mahuta. Huko akazaliwa mtoto wa tatu, naye akaishi na kukua. Wakapata watoto wengine wengi, wakajiita Wamatanda, ambao ndio shina la Wamakonde. Baba yao akaacha maagizo: wafu wazikwe wakiwa wima, kwa kumkumbuka mama yao aliyepata uhai akiwa amesimama, na watu wasijenge mabondeni wala kandokando ya mito mikubwa, kwa maana huko kuna maradhi na mauti. Makazi yawe mbali na maji, angalau mwendo wa saa moja.

Tahadhari ya kitaaluma inahitajika hapa. Maneno tuliyo nayo yamepita katika Kijerumani na Kiingereza kabla ya kufika katika Kiswahili cha makala haya. Mianzo na miishio ya kifomula, nyimbo na vitikio vya hadhira, kama vilikuwapo, havimo. Kinachobaki ni mfuatano wa matukio, na mfuatano huo una mambo matatu ya kuzingatiwa.

Kwanza, kisasili kinaanza na majaribio yaliyoshindwa. Watu hawakuwekwa mlimani na Mungu wala hawakuota huko kama uyoga. Walikwenda Ruvuma wakashindwa, wakaenda Mbwemkuru wakashindwa, ndipo wakapanda. Makazi ya juu ni hitimisho la safari, na kila hatua ya safari hiyo ina kaburi. Hii ni namna ya kutoa hoja: inataja mahali palipokataliwa kwa majina yake na inatoa ushahidi wa kukataliwa kwake.

Pili, kisasili kinakiri gharama na kuipimia kipimo. Saa moja ya mwendo ni kipimo cha miguu. Anayesikiliza anajua maana yake, kwa kuwa ameupanda mteremko huo mwenyewe au amemwona mama yake akiupanda. Weule aliikuta Newala ya wakati wake ikiwa juu ukingoni, na maji yake yako chini bondeni, futi zipatazo 1,600 chini ya mji, yaani karibu mita 490. Leo msafiri anayesimama pale panapoitwa Shimo la Mungu na kutazama bonde lililo chini anaweza kuipima hesabu hiyo kwa macho.

Tatu, kisasili kinaonyesha mgawanyo wa gharama bila kuusemea. Anayeagiza ni baba. Waliozaliwa wafu ni watoto wa mama, na katika masimulizi haya mama hana neno hata moja. Katika jamii inayohesabu ukoo, yaani litawa, kwa upande wa mama, ukimya huo haupaswi kupitwa. Agizo la kukaa mbali na maji lilimwelemea zaidi mchotaji wa maji, naye kwa desturi alikuwa mwanamke. Simulizi ya mwanzo inaweza kusema kweli kuhusu sababu ya makazi na wakati huohuo ikamnyamazisha aliyeibeba sababu hiyo kichwani.

4.0 Kwa nini juu: kisasili na historia

Wasomaji wa awali wa visasili vya aina hii walielekea kuviona ama imani tupu ama elimu ya afya iliyovikwa hadithi. Tafsiri ya pili ina nguvu: mabonde yenye maji yana mbu, na vifo vya watoto wachanga mabondeni si jambo la kubuni. Hata hivyo, maradhi peke yake hayatoshi. Katika karne ya kumi na tisa mabonde ya Ruvuma na Mbwemkuru yalikuwa pia njia za watu wenye silaha. Misafara ya watumwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa ilikuwa ikielekea Kilwa na bandari nyingine za kusini, na baadaye mashambulizi ya Wangoni, walioitwa Magwangwara katika nyaraka za wamisionari, yakaifikia nchi ya Masasi. Aliyejenga kando ya mto alikuwa amejenga kando ya barabara ya watekaji.

Uwanda wa juu, wenye kimo kinachofikia takriban mita 900 upande wa magharibi, ulikuwa na kinga yake: vichaka vizito vinavyoota upya katika mashamba yaliyopumzishwa, na vijia vyembamba ambavyo mgeni hawezi kuvipita kwa kundi. Machemba, kiongozi wa Kiyao aliyejikita Luagala katika uwanda huohuo, ndiye aliyemwandikia Hermann von Wissmann mwaka 1890 barua maarufu ya Kiswahili ya kukataa kujisalimisha, na Wajerumani hawakumwondoa hadi mwaka 1899. Ukosefu wa maji ulikuwa sehemu ya ngome, kwa kuwa adui naye hunywa.

Muundo wa utawala wa Wamakonde unaunga mkono usomaji huu. Liebenow (1971) anaeleza kwamba uwanda haukuwa na mfalme. Ulikuwa na maeneo madogo yaliyoitwa chirambo, kila moja chini ya mkulungwa, ambaye haki yake ilitokana na kulitangulia pori na kulifyeka. Ina maana kwamba kila chirambo kilikuwa na mwanzo wake. Kisasili cha Mahuta hakikuwa hati ya kumtawaza mtu mmoja. Kilikuwa kiolezo kilichorudiwa na kila mwanzilishi mdogo aliyepanda na panga lake. Uwanda ulijaa watu kwa namna hiyo, familia baada ya familia. Hicho ndicho tunachokiita kichuguu.

Newala yenyewe ni ushahidi. Weule anaeleza kwamba palikuwapo Newala nyingine kabla ya ile aliyoikuta, katika bonde zuri chini ya uwanda. Alipoitembelea hakukuta nyumba. Alikuta miembe, milimau yenye matunda na makaburi ya Kikristo. Maji na kivuli vilikuwa chini, watu walikuwa juu. Mji huo ulirudia safari ya kisasili katika zama zinazofikiwa na maandishi.

5.0 Masasi: mwanzo wenye tarehe

Masasi inatupatia mwanzo wa namna nyingine. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA aliondoka Unguja na kundi la watumwa waliokombolewa, wakapitia Lindi, kwa nia ya kuwafikisha watu hao katika nchi za asili yao upande wa Ziwa Nyasa. Safari iliishia Masasi, na hapo kijiji kikaanzishwa. Steere alikuwa mwanaisimu: kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili na mkusanyo wake wa ngano za Unguja vilikuwa vimetoka mwaka 1870. Kwa hiyo miongoni mwa waasisi wa Masasi yumo mmoja wa waasisi wa taaluma yetu.

Watu wa kijiji hicho hawakuwa na babu mmoja. Walikuwa wametolewa katika makabila na vijiji mbalimbali, wakauzwa, wakabebwa na majahazi, wakakombolewa, wakafundishwa na misheni. Wasingeweza kujitungia kisasili cha mti uliopata uhai, kwa sababu kisasili hudai ukoo, na utumwa ulikuwa umewakatia ukoo. Walichoweza kuwa nacho ni tarihi: mwaka, njia, jina la kiongozi, na lugha waliyoipata njiani. Biashara ya watumwa ilikuwa mzinga hasa. Watu walijazwa mahali pamoja na mtu aliyekusudia kuwavuna. Masasi ya 1876 ni mji wa watu waliotoka katika mzinga na kuanza upya wakiwa na Kiswahili mahali pa nasaba.

Mwanzo huo ulijaribiwa mapema. Mwezi Septemba 1882 Magwangwara walikishambulia kijiji. Baadhi ya wakazi waliuawa na wengine wakatekwa. Mwaka uliofuata Chauncy Maples, ambaye mwaka 1879 alikuwa amechapisha mkusanyo wake wa lugha ya Kimakua, aliwahamishia waliobaki karibu na Newala, chini ya hifadhi ya Matola, kiongozi wa Kiyao. Wenye tarihi wakaenda kutafuta usalama kwa majirani wa wenye kisasili. Baadaye Masasi ilijengwa tena na ikakua kuwa kituo kikubwa cha dini na elimu kusini. Lakini tukio hilo linaonyesha kwamba agizo la baba wa Mahuta halikuwa ushirikina: lilikuwa muhtasari wa uzoefu, na wageni wa Masasi walijifunza sehemu ya uzoefu huo kwa njia ileile ya misiba.

6.0 Manamba na nguzo ya ujamaa

Viwanda viliingia katika historia ya Wamakonde kwa mlango wa mkonge. Katika kipindi cha ukoloni, mashamba ya mkonge ya Lindi, Tanga na kwingineko yaliajiri maelfu ya vibarua wa mkataba, wakiwamo Wamakonde wa pande zote mbili za Ruvuma. Waliitwa manamba. Neno hilo limetokana na namba, kwa sababu kibarua alitambuliwa kwa namba aliyoandikiwa. Mofolojia yake ni fupi lakini historia yake ni nzito: kiambishi cha wingi kimewekwa juu ya tarakimu, na tarakimu imekuwa watu. Kambi ya manamba ilikuwa na kila alama ya sayari-jiji kwa kipimo kidogo: mabweni yaliyobanana, mashine isiyolala msimu wa kazi, chakula kinacholetwa kutoka nje, na mmiliki anayekaa mbali. Ilikuwa mzinga usio na shaka.

Ni jambo la kutafakariwa kwamba kutoka katika mazingira hayohayo ya uhamaji ilizuka picha nyingine ya msongamano. Wachongaji wa Kimakonde wenye asili ya Msumbiji waliohamia Tanganyika walianzisha Dar es Salaam mtindo wa sanamu za mpingo unaoitwa ujamaa, ambao kwa kawaida huhusishwa na Roberto Yakobo Sangwani. Sanamu hizo ni nguzo za watu: miili imeshikana, mmoja juu ya mwingine, toka chini hadi juu, bila nafasi kati yao. Inaelezwa kwamba ya kwanza ilimwonyesha mshindi wa mieleka akiwa amebebwa na wenzake.

Mtazamaji anayezijua sayari-jiji za bunilizi ya Magharibi ataiona nguzo hiyo kuwa mnara wa watu waliobanwa. Akiitazama kwa makini ataona tofauti. Katika mnara wa sayari-jiji, walio chini wanakandamizwa na walio juu. Katika nguzo ya ujamaa, walio chini wanabeba, na anayebebwa anajulikana kwa nini yuko juu. Kuwapo kwa picha zote mbili katika historia ya watu walewale, kambi ya manamba na nguzo ya mpingo, kunathibitisha kwamba idadi ya watu katika eneo haituambii chochote kuhusu uhusiano wao. Uhusiano huo huelezwa na mwanzo.

7.0 Kutoka uwandani hadi sayari-jiji

Sasa tunaweza kurudi kwa msimamizi wa mchezo. Riwaya ya Kiswahili tayari imekwisha kuthubutu kwenda katika sayari nyingine: katika Walenisi ya Katama Mkangi (1995), jina la sayari likitenganishwa linasema "wale ni sisi". Hapo mwanzo wa sayari umo ndani ya jina, nao ni dai la kimaadili kuhusu ujamaa wa watu. Anayetaka kubuni sayari-jiji kwa Kiswahili ana mfano wa kuanzia, na uwanda unampatia maswali manne ya kuendelea nayo.

La kwanza ni la mzinga na kichuguu: nani aliwaweka watu hapa? Jibu linaweza kuchanganya yote mawili. Kichuguu huweza kutwaliwa na mrinaji, kama ukoloni ulivyoingia uwandani na kuwatoa vibarua. Nao walionusurika mzingani huweza kuanza kichuguu chao, kama Masasi.

La pili ni la mahali palipokataliwa. Kisasili cha Mahuta kinataja mabonde mawili kabla ya kutaja makazi. Sayari-jiji nayo iwe na Ruvuma yake na Mbwemkuru yake: sayari mbili zilizojaribiwa na kuachwa, zenye makaburi yanayojulikana. Mhusika aliyezaliwa katika jiji hilo hatakuwa tu amezoea umati. Atakuwa amelelewa akiambiwa yaliyowapata waliokaa penye nafasi.

La tatu ni la maji. Asimov aliijua hesabu ya chakula, na udhaifu wa Trantor unatokana nayo. Msimamizi aulize vilevile maji yanatoka wapi, yanapandishwa na nani, na kwa mwendo wa saa ngapi. Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Katika jiji la bilioni 40, kifuu hicho kina mmiliki, kina foleni na kina mchotaji, na penye mchotaji pana kisa cha kuchezwa.

La nne ni la haki ya kusimulia. Uwanda wa Makonde haukuwa na simulizi moja ya serikali moja. Kila chirambo kilikuwa na mkulungwa wake na mwanzo wake. Sayari yenye wakazi mabilioni haiwezi kuwa na mwanzo mmoja unaokubaliwa na wote. Wenye kisasili wataishi ghorofa moja na wenye tarihi, na wenye namba watakuwa chini yao. Aidha, katika kila simulizi msimamizi atafute aliyenyamazishwa, kama yule mama aliyechongwa mtini, na ampe mchezaji mmoja nafasi ya kusema kwa niaba yake.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Inaweza kusemwa kwamba mchezo ni burudani, na sifa ya kuzoea umati ni kanuni tu ya kurahisisha dadu. Hilo ni kweli kwa mezani. Lakini hoja ya "wamezoea" haikai mezani peke yake. Kisasili cha Mahuta kikisomwa vibaya hutoa hoja hiyohiyo: kwamba watu wa uwandani hukaa mbali na maji kwa mila yao, wanapenda hivyo, na hivyo hawana wanachodai. Kikisomwa vizuri kinasema kinyume chake: walipanda kwa sababu huko chini watoto walikufa, na saa moja ya mwendo ni gharama waliyoihesabu, ambayo wangefurahi kuipunguziwa. Historia ya mradi wa maji wa Makonde, ulioanza katika miaka ya 1950 na unaopandisha maji kutoka vyanzo vya bondeni kama Mitema, ni ushahidi kwamba agizo la kukaa juu halikuwahi kuwa agizo la kukaa na kiu. Maji yalipoanza kupanda kwa bomba, hakuna kisasili kilichoyazuia.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejadili ubunifu wa mwanzo wa sayari-jiji kwa kutumia historia na masimulizi ya Newala na Masasi. Imebainika kwamba kisasili cha Mahuta kinaueleza msongamano wa uwandani kuwa uamuzi uliofikiwa baada ya majaribio, wenye gharama iliyopimwa; kwamba tarihi ya Masasi inaeleza mwanzo wa watu waliokatiwa nasaba; na kwamba kambi ya manamba na nguzo ya ujamaa ni sura mbili zinazopingana za watu waliorundikana. Tofauti kati ya mzinga na kichuguu, ambayo Kiswahili kimeihifadhi katika maneno ya kawaida kabisa, ni chombo cha uchambuzi kinachoweza kutumika kwa riwaya, kwa michezo na kwa historia ya miji yetu.

Kuna kazi mbili zinazofuata. Ya kwanza ni ya kukusanya masimulizi ya mwanzo ya matawa ya Newala na Tandahimba kwa Chimakonde chenyewe, hasa kutoka kwa wanawake wazee waliochota maji kabla ya bomba, kwa kuwa maandishi ya mwaka 1908 hayana sauti yao. Ya pili ni ya wanafunzi wetu wa uandishi wa kubuni, ambao tayari wanacheza michezo ya uhusika iliyobuniwa kwingine. Wakianza kuitunga kwa Kiswahili, waandike katika ukurasa wa kwanza wa sayari yao maji yako wapi na nani anayachota, kisha ndipo waweke minara.